Bao Moja si Dogo: Mwanzo wa Ligi na Wajibu wa Watu wa Lindi

Kila mwaka, ifikapo mwezi wa Agosti, kusi ingali ikivuma penye bandari ya Kilwa Masoko, nchi yetu huingia katika shauku moja kubwa. Ligi Kuu ya kandanda hufunguliwa. Wavuvi waliokwisha kuuza samaki wao, wachukuzi, walimu, makarani wa halmashauri na vijana wa bodaboda hukusanyika penye redio na katika vile vyumba vya kuonyeshea mpira ambavyo watu wamevipa jina la vibanda umiza. Michezo mitatu au minne haijapita, hukumu zimekwisha kutolewa: timu hii ndiyo bingwa, timu ile itashuka daraja. Iliyoshinda kwa mabao matano hutukuzwa. Iliyoshinda kwa bao moja hudharauliwa, watu wakasema kwamba imebahatisha tu.

Twapenda leo kuyatazama kwa makini mambo hayo mawili, yaani ushindi wa bao moja na hali ya timu mwanzoni mwa msimu, kwa sababu yanawahusu sana ndugu zetu wa mkoa wa Lindi. Tangu mwaka 2019 mkoa huo umekuwa na timu katika Ligi Kuu, nayo ni Namungo ya Ruangwa. Timu hiyo si tajiri, wala haina mashabiki nchi nzima. Kwa timu ya namna hiyo, kukaa au kushuka hutegemea mabao machache sana. Na mengi ya mabao hayo hupatikana au hupotea katika miezi ya mwanzo, wakati ambapo wenyeji wake hawajaanza kujali. Hilo ndilo tunalotaka kulisema, na hapa chini tutaonyesha sababu zetu.

BAO LA DAKIKA YA 88

Tuchukue mfano mmoja ambao wengi wanaukumbuka. Msimu wa 2023/24 ulipoanza, Yanga iliingia kwa kishindo. Tarehe 23 Agosti 2023 iliifunga KMC mabao 5-0. Siku sita baadaye ikaifunga JKT Tanzania mabao 5-0 vilevile. Basi tarehe 20 Septemba, Namungo ilipokwenda Chamazi kukutana nayo, swali lililokuwa midomoni mwa watu halikuwa nani atashinda, bali Namungo itafungwa mangapi.

Vijana wa Ruangwa walisimama imara. Dakika zilipita, kipindi cha kwanza kikaisha, cha pili nacho kikaelekea ukingoni, na ubao ungali ukisoma 0-0. Katika dakika ya 88, Mudathir Yahya, kiungo atokaye Zanzibar, akaifungia Yanga bao. Mchezo ukaisha 1-0. Mashabiki wa Yanga waliondoka uwanjani wakishusha pumzi, na wale wa Namungo wakijiuliza kwa nini dakika mbili tu zimewanyang'anya kazi ya dakika themanini na nane.

Sasa tupige hesabu. Kwa mabao matano dhidi ya KMC, Yanga ilipata pointi tatu. Kwa mabao matano dhidi ya JKT Tanzania, ilipata pointi tatu. Kwa bao moja la dakika ya 88 dhidi ya Namungo, ilipata pointi tatu zilezile. Lau mchezo ungalikwisha bila bao, Yanga ingalipata pointi moja na Namungo moja. Kwa hiyo bao lile pekee lilikuwa na thamani ya pointi mbili kwa Yanga, na liliigharimu Namungo pointi moja. Bao la tano dhidi ya KMC halikuwa na thamani hata ya nusu pointi. Lilipendeza macho, likaingia katika hesabu ya mabao, basi.

Hapo ndipo penye tofauti ya ligi na mashindano ya mtoano. Katika mtoano wa michezo miwili, mabao ya ziada ya siku njema huweza kulipa deni la siku mbaya. Katika ligi mambo si hivyo. Mabao matano ya leo hayawezi kukopeshwa kwa mchezo wa wiki ijayo. Kila mchezo huanza upya, na anayejua kushinda kwa bao moja mara nyingi humpita anayejua kushinda kwa matano mara chache. Wazee walisema haba na haba hujaza kibaba, na hakuna mahali ambapo methali hiyo hutimia waziwazi kama katika msimamo wa ligi.

Watu wa Kilwa wasishangae kusikia hivyo. Katika karne ambazo dhahabu ya Sofala ilipita kwenye bandari ya Kilwa Kisiwani, masultani wa mji ule walipiga sarafu zao wenyewe, nazo nyingi zilikuwa vipande vidogo vya shaba. Dhahabu ilivuka bahari ikaenda kwa wageni. Vipande vya shaba vilibaki mikononi mwa watu, kwa kununulia na kuuzia katika maisha ya kila siku. Pointi za bao moja ndizo shaba za timu ndogo.

JE, MWANZO WA MSIMU HUSEMA KWELI?

Mtu aweza kusema: kama Yanga ilianza kwa mabao matano matano na hatimaye ikawa bingwa, je, si kweli kwamba mwanzo huonyesha mwisho? Tumjibu kwa mambo yaliyotokea. Tarehe 4 Oktoba 2023, wiki mbili tu baada ya kuishinda Namungo, Yanga hiyohiyo ilikwenda Mbarali ikafungwa na Ihefu mabao 2-1. Na hiyo haikuwa mara ya kwanza. Tarehe 29 Novemba 2022, Ihefu, ambayo wakati ule ilikuwa katika hali mbaya kabisa kwenye msimamo, iliifunga Yanga kwa idadi hiyohiyo ya mabao, ikaukata mfululizo wa michezo 49 ya ligi ambayo Yanga ilikuwa haijapoteza. Mara zote mbili watu walitangaza kwamba mambo yamekwisha. Mara zote mbili Yanga ikatwaa ubingwa. Msimu wa 2023/24 iliumaliza kwa pointi 80, ilhali Azam na Simba zilikuwa na pointi 69 kila moja.

Upo pia mfano wa kinyume. Msimu wa 2018/19 Yanga ilianza vizuri mno chini ya mwalimu Mwinyi Zahera, ikakaa kileleni kwa muda mrefu. Simba ilikuwa nyuma yake, lakini ilikuwa na viporo vingi kwa sababu ya kushiriki mashindano ya Afrika. Wengi waliutazama msimamo bila kuhesabu michezo iliyobaki. Viporo vilipoliwa, Simba ikapita, ikamaliza na pointi 93, Yanga ikiwa na 86.

Na jambo hili si la kandanda peke yake, wala si la Tanzania peke yake. Katika mpira wa kikapu, ligi kubwa kupita zote ni ile ya Marekani, ambayo kijana wetu Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, aliingia mwaka 2009 akiwa mchezaji wa pili kuchaguliwa kati ya vijana wote wa mwaka ule. Huko kila timu hucheza michezo 82 kabla ya kuingia katika mtoano. Msimu wa 2015/16 timu ya Golden State Warriors ilishinda michezo yake 24 ya kwanza bila kupoteza hata mmoja. Ilimaliza michezo ile 82 ikiwa imeshinda 73, jambo ambalo timu nyingine yoyote ilikuwa haijapata kulifanya. Lakini katika fainali ilikutana na Cleveland Cavaliers, ikaongoza kwa michezo mitatu kwa mmoja, kisha ikapoteza mitatu mfululizo. Mchezo wa mwisho, tarehe 19 Juni 2016, uliisha kwa vikapu vya pointi 93 kwa 89. Msimu mzima wa sifa ukaamuliwa na pointi nne.

Kwa hiyo twasema: mwanzo wa msimu ni shahidi asiyeaminika anapoulizwa habari za ubingwa. Nahodha hapimi safari yake kwa upepo wa siku ya kwanza. Walakini, shahidi huyohuyo husema kweli tupu anapoulizwa habari za pointi. Pointi iliyopatikana Agosti haiozi. Itakapofika Mei itakuwa pale pale, na thamani yake itakuwa sawasawa na ile iliyopatikana siku ya mwisho kwa vilio na maombi. Na pointi iliyopotea Agosti haitarudi hata kwa kafara.

HABARI ZA PWANI YA KUSINI

Tuyatazame sasa mambo ya Kusini yenyewe, maana huko ndiko tunakotaka kufika.

Mwaka 2014 Ndanda ya Mtwara ilipanda Ligi Kuu, na watu wa Kusini wakafurahi kupata timu yao. Ilikaa misimu sita. Namungo ilipopanda kwa msimu wa 2019/20, ikawa kwamba Lindi na Mtwara, mikoa miwili jirani, ina timu mbili katika ligi moja. Ligi ya msimu ule ilikuwa na timu 20 na michezo 38, nayo ilisimamishwa mwezi wa Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, kisha ikaendelea mwezi wa Juni. Ilipokwisha, Namungo, ngeni kabisa, ilikuwa ya nne, nyuma ya Simba, Yanga na Azam tu. Ndanda ilikuwa imeshuka daraja. Misimu iliyofuata ilianza na kwisha Mtwara ikiwa mtazamaji.

Twaomba wasomaji walipime jambo hilo. Timu mbili za pwani moja, barabara moja na hali ya hewa moja; moja ilipaa na nyingine ikazama katika msimu uleule. Hapana shaka kuna sababu nyingi. Lakini timu haizami siku moja. Huzama kwa sare iliyogeuka kushindwa dakika za mwisho, tena na tena, mpaka hesabu inakataa.

Namungo ilipata heshima zaidi. Tarehe 2 Agosti 2020, huko Sumbawanga, ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho na Simba, ikafungwa 2-1. Kwa kuwa Simba ilikwisha kuwa bingwa wa ligi, nafasi ya Kombe la Shirikisho la Afrika ikawa ya Namungo. Mwezi wa Februari 2021 timu ilisafiri hadi Luanda kucheza na Primeiro de Agosto ya Angola, ikakwama huko baada ya kuelezwa kwamba baadhi ya watu wake wamekutwa na maambukizi ya korona. Mchezo haukuchezwa. Shirikisho la Afrika likaamua kwamba michezo yote miwili ichezwe Tanzania. Wa kwanza Namungo ilishinda 6-2. Wa pili ikafungwa 3-1. Ikapita kwa jumla ya mabao 7-5. Hapo ndipo mabao ya siku njema yalipolipa deni la siku mbaya, kama tulivyosema juu. Lau Namungo ingaliridhika na ushindi wa 3-2 katika mchezo wa kwanza, ingalitolewa.

Katika makundi ilikutana na Raja Casablanca ya Morocco, Pyramids ya Misri na Nkana ya Zambia, ikafungwa michezo yote sita. Wapo waliocheka. Sisi hatuoni la kuchekesha. Timu ambayo miaka miwili nyuma ilikuwa daraja la chini, kutoka wilaya ambayo wageni wengi hawawezi kuionyesha kwenye ramani, ilifika mahali ambapo klabu kongwe nyingi za nchi hii hazijafika. Lakini tulijifunza pia kwamba kufika ni jambo moja na kukaa ni jambo jingine. Kufika huweza kuletwa na ushujaa wa wachezaji kumi na mmoja. Kukaa hutaka mfuko, wachezaji wa akiba, waganga, usafiri na utaratibu.

Tangu hapo Namungo imekuwa timu ambayo wakubwa hawaipendi kukutana nayo. Tarehe 20 Novemba 2021, Yanga, iliyokuwa imeshinda michezo yake mitano ya kwanza, ilifika Uwanja wa Ilulu mjini Lindi ikatoka sare ya 1-1. Msimu ule Yanga ilikuwa bingwa bila kufungwa hata mara moja, ikashinda michezo 22 na kutoka sare minane. Na sare moja katika hizo nane ni ile ya Lindi. Tarehe 9 Novemba 2023, majuma saba baada ya lile bao la Mudathir, Namungo ilikwenda kwa Simba ikatoka nayo sare ya 1-1. Yaani katika dakika 180 za kukutana na wakubwa wawili wa nchi, mwanzoni mwa msimu mmoja, timu ya Ruangwa ilizidiwa kwa bao moja tu.

BAO MOJA HUTOKA WAPI?

Wengi hudhani kwamba bao la dakika ya 88 hutoka katika miguu ya mfungaji. Ni kweli, lakini si kweli yote. Bao la dakika ya 88 hutoka pia katika miguu ya mlinzi aliyechoka. Naye mlinzi huchoka kwa sababu zinazoanza mbali na uwanja.

Sababu ya kwanza ni safari. Timu inayokaa Ruangwa haina mchezo wa ugenini ulio karibu. Dar es Salaam yenyewe iko mbali zaidi ya kilomita 400 kutoka Lindi mjini, na Ruangwa iko ndani zaidi. Kwenda Mwanza au Bukoba ni safari ya zaidi ya kilomita elfu moja. Kabla ya mwaka 2003, Daraja la Mkapa lilipofunguliwa juu ya mto Rufiji, wasafiri wa Kusini walikuwa wakingoja kivuko. Shida ile imekwisha, tunashukuru; lakini barabara ya Kusini ingali ina maadui. Mwezi wa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopiga pwani, mvua zilikata barabara kuu katika wilaya ya Kilwa, na mabasi na malori yakakaa foleni siku kadhaa. Ligi ilikuwa katika majuma yake ya mwisho. Timu ya Dar es Salaam ikikutana na timu nyingine ya Dar es Salaam, wachezaji hulala nyumbani kwao. Timu ya Lindi hulala njiani.

Sababu ya pili ni mfuko. Mwaka 2021 Azam Media iliingia mkataba wa miaka kumi wa kuonyesha ligi wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6, na mwaka huohuo benki ya NBC ikawa mdhamini mkuu wa ligi. Fedha hizo zimezisaidia timu ndogo kupumua. Lakini hugawanywa kwa timu zote, na wakubwa wana wafadhili wao wengine juu ya hizo. Mchezaji ambaye mshahara wake umechelewa miezi miwili hawezi kukimbia dakika ya 88 kama yule aliyelipwa juzi. Hatusemi hivyo kwa kuilaumu klabu yoyote. Twasema kwa sababu ndivyo mwanadamu alivyo.

Sababu ya tatu ndiyo inayotuhusu zaidi, nayo ni watu. Tuseme ukweli ingawa utauma. Simba au Yanga ikifika Ruangwa au Lindi, uwanja hujaa pomoni. Mabasi hutoka Masoko, Kivinje, Nangurukuru, Nachingwea na Liwale. Lakini wengi wa hao waliojaa huvaa nyekundu au kijani na njano. Timu ya nyumbani huingia katika uwanja wa nyumbani ikakuta ni mgeni. Na ikifika siku ya kucheza na timu isiyo na jina kubwa, mwezi wa Septemba, jua kali, mchezo ambao kwa hakika ndio unaoweza kuleta zile pointi tatu za bao moja, majukwaa huonekana matupu.

Jambo hilo ni kinyume cha hesabu. Mchezo wa Simba na Namungo, hata Namungo ikishinda, huleta pointi tatu. Mchezo na timu iliyo sawa nayo huleta pointi tatu kwa Namungo na kumnyima mshindani wake wa moja kwa moja katika vita vya kutoshuka. Shabiki mwenye akili angeuhudhuria mchezo wa pili kabla ya ule wa kwanza. Katika ligi ya timu 16 na michezo 30, kama ilivyokuwa tangu msimu wa 2021/22, ambamo mbili za mwisho zilishuka moja kwa moja na mbili zilizo juu yake zikaingia katika michezo ya kuokoa roho, michezo mitano iliyopotea kwa bao moja ikigeuzwa kuwa sare ni pointi tano. Pointi tano zimeokoa timu nyingi. Kukosekana kwake kumezika nyingine.

TUSITEGEMEE MTU MMOJA

Lipo jambo jingine ambalo yafaa lisemwe kwa heshima. Namungo ilikua katika wilaya ambayo mbunge wake, ndugu Kassim Majaliwa, alikuwa Waziri Mkuu tangu mwaka 2015 hadi 2025, na uwanja wa Ruangwa unaitwa kwa jina lake. Mapenzi yake kwa mpira wa nyumbani kwao yanajulikana, na watu wa Ruangwa wana haki ya kuyashukuru. Lakini cheo ni dhamana, na dhamana hurudishwa. Mwaka 2025 aliuacha ubunge na uwaziri mkuu. Timu haina budi kuishi baada ya wakubwa wake kustaafu, kama vile msikiti unavyoishi baada ya aliyeujenga.

Nchi hii imeona timu nyingi zilizoinuliwa na kiwanda, na shirika, na mtu mwenye fedha. Mfadhili alipoondoka, zikaanguka kama hema lililong'olewa mti wake wa katikati. Dawa ya ugonjwa huo inajulikana tangu zamani: kujitegemea. Nako kujitegemea katika mpira si neno la hotuba. Ni kadi ya uanachama iliyolipiwa. Ni tiketi iliyonunuliwa mlangoni, si kuruka ukuta. Ni jezi halali. Ni mfanyabiashara wa Kilwa Masoko, wa Lindi au wa Nachingwea kutoa mafuta ya basi kwa safari moja ya ugenini. Ni chama cha wavuvi kununua jukwaa dogo kwa mchezo mmoja.

Tunajua kwamba wapo watakaosema: Namungo ni ya Ruangwa, sisi Kilwa inatuhusu nini? Jina lenyewe la Namungo ni la mahali katika wilaya ya Ruangwa, panapojulikana kwa machimbo ya dhahabu. Kilwa ni watu wa bahari. Tunaielewa hoja hiyo, lakini hatuikubali. Shabiki huyohuyo wa Masoko anayesema Ruangwa si kwao huvaa jezi ya klabu iliyozaliwa Kariakoo, Dar es Salaam, na usiku hulia kwa ajili ya klabu ya London au Manchester. Kama moyo wake unaweza kuvuka bahari mbili, hauwezi kupita Nangurukuru na Lindi ukafika Ruangwa? Kilwa ya zamani haikuupata utajiri wake kwa kukaa kisiwani ikijitazama. Iliupata kwa kushikana na bara na kuwa mlango wa mali iliyotoka mbali.

Wala hatusemi watu waache kuipenda Simba au Yanga. Mapenzi hayaamriwi na gazeti. Twasema tu kwamba mtu aweza kuwa na mapenzi mawili, na kwamba siku hizo mbili zinapokutana, nyumbani kwake kuna haki.

Kwa Kilwa kuna faida nyingine iliyo kubwa kuliko pointi. Mtoto wa Masoko au wa Kivinje mwenye kipaji, akitazama juu, aone ngazi: uwanja wa shule, kisha timu ya mtaa, kisha ligi ya wilaya na ya mkoa, kisha timu ya Ligi Kuu iliyo katika mkoa wake. Namungo ikishuka, ngazi hiyo itakatika katikati, na kijana atalazimika kupanda basi la Dar es Salaam akalale kwa jamaa Mbagala akingoja bahati. Wengine wameipata. Wengi zaidi wamerudi mikono mitupu, au hawakurudi.

Kwa sababu hizo tunatoa mashauri matatu. La kwanza ni kwa viongozi wa halmashauri za mkoa wa Lindi, Kilwa ikiwamo: viwanja vya watoto vilivyopimwa vilindwe visigeuzwe kuwa vya majengo, na ligi za wilaya zichezwe kila mwaka bila kungoja mwaka wa uchaguzi. La pili ni kwa viongozi wa Namungo: wasiwangoje mashabiki Ruangwa, bali wawafuate. Mchezo mmoja wa kirafiki kabla ya msimu, uchezwe Kilwa Masoko, na wachezaji wakae jioni moja barazani na vijana, ungefanya kazi kuliko mabango mia. La tatu ni kwa shabiki mwenyewe: aichague michezo miwili ya mwanzo wa msimu, ya timu zisizo na jina, aihudhurie au aichangie kama asivyoweza kufika.

Msimu mpya ukifunguliwa, hukumu za haraka zitatolewa tena, nazo hatuna uwezo wa kuzizuia. Tunachoomba ni kwamba timu ya Lindi ikishinda 1-0 katika mwezi wa Agosti, kwa bao la kubabaisha lililogonga mguu wa mtu na kuingia taratibu, asitokee mtu wa Lindi wa kuguna. Azihesabu zile pointi tatu, aziandike, azifurahie, kwa maana yamkini hizo ndizo zitakazomfanya mwezi wa Mei alale usingizi. Mcheza kwao hutunzwa. Na anayetunzwa tangu siku ya kwanza ndiye anayebaki na pumzi za dakika ya 88.